Kwinini imekwenda wapi? Kutafuta kosa unapotoa alkaloidi kwenye magome ya kinkina

Kila mwaka, wanafunzi wetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanapofika kwenye zoezi la kutoa kwinini kwenye magome ya mti wa kinkina, lipo kundi litakaloniita mezani alasiri na kuniambia maneno yale yale: "Papa, hakuna kitu." Mbele yao kuna chupa ya maji ya kahawia na karatasi ya kuchujia iliyolowa bure. Magome yamesagwa, yamekandwa, yamechemshwa, na fuwele hazionekani. Swali langu la kwanza kwao huwa hili: mmemwaga nini?

Nauliza hivyo kwa sababu kwinini, ile dawa chungu ya malaria, au kinini kama tunavyoiita mtaani, ni vigumu kuipoteza kabisa. Haipai hewani kama mafuta ya mchaichai. Haiharibiki kwa joto la maji yanayochemka. Kama ilikuwemo kwenye magome, basi iko mahali fulani juu ya meza ile: kwenye machicha, kwenye toluini (kiyeyusho kisichochanganyika na maji), kwenye maji ya asidi, au kwenye ndoo ya taka. Ukimwaga tabaka lolote kabla ya kulipima, umejifungia njia ya kujua kosa lilitokea wapi. Kwenye labo yetu kila tabaka lina chupa yake na maandishi yake, na hakuna kinachomwagwa hadi fuwele zikauke na kupimwa kwenye mizani.

Njia tunayofuata ni ya zamani na inajulikana. Gramu 100 za unga wa magome zinachanganywa na gramu 30 za chokaa iliyozimwa na mililita 100 hivi za soda kali (hidroksidi ya sodiamu) ya asilimia 5, zinakandwa, kisha zinalala usiku mmoja. Kesho yake unga unaoshwa mara tatu kwa toluini ya moto. Toluini hiyo inatikiswa mara tatu na asidi ya salfuriki nyepesi. Maji ya asidi yanapashwa moto, pH inapandishwa hadi karibu 6.5, yanachujwa yangali moto, halafu yanaachwa yapoe. Mambo yakienda vizuri, sindano nyeupe za salfeti ya kwinini zinajaa chini ya chupa.

Shika mantiki yake, maana ndiyo utakayotumia kumsaka mkosaji. Ndani ya gome, alkaloidi (kemikali za mimea zenye nitrojeni, kwinini ikiwemo) zimeshikwa na asidi za mti wenyewe na tanini, zile dutu za gome zinazokaza ulimi. Chokaa inazifungua, zinabaki besi huru, na besi huru inapenda toluini. Asidi inazigeuza kuwa chumvi, na chumvi inapenda maji. Kila hatua ni kuihamisha kwinini kutoka chumba kimoja hadi kingine. Kosa ni mlango mmoja uliobaki umefungwa.

Kabla ya yote: hakikisha una njia ya kuona

Tunatumia vipimo viwili. Cha kwanza ni dawa ya Dragendorff: chukua matone machache ya tabaka lako, yatie asidi kidogo, dondosha dawa, na kama kuna alkaloidi utaona mashapo ya rangi ya chungwa. Cha pili ni mwanga. Kwinini ndani ya asidi ya salfuriki nyepesi hung'aa buluu ikimulikwa na mwanga wa urujuanimno. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliueleza mng'ao huo mwaka 1845 akitumia jua tu. Sisi tunatumia taa ndogo ya kukagulia noti za dola, inayouzwa mjini, na inatosha.

Lakini taa hiyo ina mitego yake, na mitego hiyo imepoteza siku nyingi za watu.

Kama *hakuna kinachong'aa* na Dragendorff inasema alkaloidi zipo, uliza ni asidi gani imetumika. Asidi ya hidrokloriki inaleta kloridi, na kloridi inaua mng'ao wa kwinini. Kwinini ipo yote, mwanga haupo. Hata chumvi ya mezani ikiingia kwa wingi inafanya hivyo hivyo. Sababu nyingine ni kwamba umemulika tabaka lenye besi. Tia asidi ya salfuriki kwanza ndipo umulike. Ya tatu ni kwamba huna kwinini bali una ndugu zake: cinchonine na cinchonidine ni alkaloidi za mti huo huo, Dragendorff inaziona, lakini hazing'ai buluu kama kwinini na ndugu yao mwingine, quinidine.

Kama *kila kitu kinang'aa*, hata maji matupu, angalia vyombo vilioshwa na nini. Sabuni ya unga ya kufulia huwekwa viangazi ili nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi, na viangazi hivyo vinang'aa buluu kama kwinini. Mwaka mmoja kundi zima lilisherehekea mng'ao uliokuwa wa sabuni. Suuza vyombo mara nyingi kwa maji safi, na siku zote mulika chupa ya asidi tupu pembeni kwa kulinganisha.

Dalili: toluini haina kitu, machicha bado ni machungu

Hapa ndipo makosa mengi yanapolala, kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa. Alkaloidi hazikutoka kwenye gome. Mkosaji wa kwanza ni chokaa.

Nitaeleza kisa kimoja kwa sababu kimenifundisha zaidi ya vitabu. Tulikuwa na gunia la chokaa ya wajenzi lililokaa wazi kwenye kona ya stoo msimu wote wa mvua. Lilionekana sawa: jeupe, laini, linapaka vidole. Makundi manne yalilitumia na yote manne yakakosa. Mwanafunzi mmoja, binti mkimya wa mwaka wa pili, alichukua kijiko cha ile chokaa, akakidondoshea asidi, na unga ukafoka povu kama soda iliyotikiswa. Akanigeukia: "Papa, chokaa nzuri inafoka hivi?" Haifoki. Chokaa iliyozimwa inapokaa hewani inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa kaboneti, jiwe lile lile lililochomwa mwanzo. Kaboneti haina nguvu ya kuzinyang'anya tanini alkaloidi zake.

Kwa hiyo pima chokaa kabla ya kazi. Koroga kijiko kimoja kwenye maji safi, acha itulie, chovya karatasi ya pH kwenye maji ya juu: isome 12 au zaidi. Kisha dondosha asidi kwenye unga mkavu. Povu dogo linavumilika, likiwa jingi tafuta chokaa nyingine. Na mfuko ukishafunguliwa, hamishia kwenye bidoni yenye kifuniko kinachobana.

Habari njema ni kwamba siku ile hatukupoteza magome. Machicha yalikuwa bado yapo, kwa sababu kanuni ya kutomwaga ilifuatwa. Tuliyaanika toluini ikapaa chini ya kofia ya kuvutia hewa, tukayakanda upya na chokaa mpya, yakalala, na kesho yake makundi yote manne yakapata fuwele.

Kama chokaa ni nzima, angalia unyevu. Unga ukiwa mkavu, chokaa haifiki ndani ya chembe. Ukiwa tope, toluini haiwezi kupenya kwenye maji. Unachotaka ni unga unaoshikana ukiufumbata kiganjani na kuvunjika ukiusukuma kwa kidole gumba, kama udongo wa shamba asubuhi baada ya mvua ya usiku. Halafu angalia ukubwa wa chembe. Vipande vinavyoonekana kwa macho kama chengachenga vitatoa nusu ya mali yao. Unga laini kama poda nao unaziba chujio na kukuletea shida nyingine tutakayoifikia.

Na muda. Usiku mmoja ni usiku mmoja. Wanaokanda saa nne na kuanza toluini saa sita wanaacha sehemu kubwa ya dawa kwenye machicha.

Dalili: machicha hayana kitu pia

Basi hakikuwemo tangu mwanzo, na kosa liko sokoni au shambani.

Mti wa kinkina si mgeni kwetu. Java ndiyo iliyokuwa ikiilisha dunia magome, na Wajapani walipoiteka mwaka 1942, mashamba ya Kivu yakapata uzito mpya. Kwa miaka mingi Bukavu imekuwa mji ambao kinkina hulimwa kando yake na kwinini kutengenezwa ndani yake. Lakini "kinkina" ya mafungu kule soko la Kadutu yaweza kuwa gome la mti wowote mchungu. Uchungu hauthibitishi chochote. Mubirizi, ule mmea wa majani machungu, hauna kwinini hata chembe.

Kuna jaribio la haraka la Grahe ambalo nampenda kila mwanafunzi alifanye kabla ya kulipa pesa. Weka unga kidogo kwenye neli kavu ya kioo na uuchome juu ya moto. Gome la kinkina lenye alkaloidi zake hutoa mvuke wa rangi nyekundu ya zambarau unaoganda kama lami kwenye kuta za neli. Gome la mti mwingine linatoa moshi wa kahawia basi.

Likiwa kinkina kweli, uliza ni aina gani na sehemu gani ya mti. Cinchona ledgeriana ndiyo yenye kwinini nyingi, asilimia 5 na kuendelea katika gome zuri. Cinchona succirubra, yenye gome jekundu, ina kwinini kidogo na cinchonidine nyingi. Gome la shina na mizizi ya mti uliokomaa lina mali; la vijiti vyembamba halina cha maana. Mama mmoja muuzaji, nilipomlalamikia kuhusu fungu la vijiti, alinijibu kwa upole: "Baba, shina ni la kiwanda, sisi tunaachiwa matawi." Tangu hapo najua cha kuuliza.

Ukaushaji nao una lake. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua haituachi, na gome lililorundikwa bichi linapata ukungu kabla halijakauka. Tandaza tabaka moja penye upepo, au tumia tanuri la nyuzi 60. Likivunjika kwa mlio mkavu, limekauka.

Dalili: "mayonezi" kwenye faneli

Unatikisa toluini na asidi, unaweka faneli kwenye stendi, na badala ya tabaka mbili unapata urojo wa rangi ya maziwa. Wanafunzi wanauita mayonezi, na jina limekaa. Chanzo ni unga laini uliopita kwenye chujio, au nta na tanini zilizofuata toluini, na mara nyingi mkono wenye nguvu kupita kiasi.

Kwanza, subiri. Nusu saa inatatua zaidi ya nusu ya kesi. Kisha iweke faneli kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, ukifungua kizibo mara kwa mara kutoa shinikizo. Ikikataa, pitisha urojo wenyewe kwenye pamba iliyoshindiliwa kidogo. Watu wengi hukimbilia chumvi ya mezani, na kweli chumvi huvunja urojo, lakini kumbuka kloridi na taa yako. Tumia salfeti ya sodiamu. Inafanya kazi ile ile na haigusi mng'ao. Mara nyingine usitikise tena: pindua faneli taratibu, kama unavyopindua chupa ya mtoto ili maziwa yasitoe povu.

Dalili: maji ya asidi yana alkaloidi, fuwele hazitoki

Furahi kidogo, kwinini umeishika. Imebaki kuishawishi ianguke.

Pima pH kwanza. Salfeti ya kawaida ya kwinini haiyeyuki kwa urahisi: gramu 1 inahitaji karibu mililita 800 za maji ya nyuzi 25, wakati kwenye maji yanayochemka inatosheka na mililita 35 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa fuwele. Lakini asidi ikizidi inageuka kuwa bisalfeti, ambayo gramu 1 inayeyuka kwenye mililita 10 tu. Myeyusho wa pH 2 unaweza kukaa wiki nzima mezani ukikutazama. Upashe moto tena, dondosha soda kali nyepesi tone kwa tone huku ukikoroga, simama kwenye 6.5.

Ukipitiliza hadi 8 au 9, utaona maji yanakuwa meupe ghafla na kitu kama ulimbo kinanata kwenye kuta. Hiyo ni besi huru, na imeangusha pamoja nayo alkaloidi nyingine. Usitupe. Rudisha asidi kidogo ulimbo uyeyuke, anza tena kupanda polepole.

Kama pH ni sawa, fanya hesabu ya maji. Ukiwa na nusu lita ya maji ya asidi na nusu gramu ya kwinini, hakuna kitakachoanguka hata ungoje Krismasi. Vukiza hadi ubaki na ujazo mdogo. Na kama hesabu nayo ni sawa, kwaruza ukuta wa ndani wa chupa kwa kijiti cha kioo chini ya usawa wa maji, au dondosha chembe moja ya fuwele za mwaka jana. Sisi tunatunza kichupa kidogo kwa kazi hiyo tu.

Hapo hapo niseme jambo la kwetu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95. Mwongozo ulioandikwa pwani ukikuambia ungoje kipimajoto kifike 100, utangoja hadi chupa ikauke. Toluini nayo inachemka mapema kuliko zile nyuzi 110 za vitabuni.

Dalili: fuwele ni za kahawia

Rangi inatokana na tanini zilizoungana na oksijeni ya hewa na kuwa wekundu wa kinkina. Mkaa tendaji unausafisha, lakini mkaa hauchagui. Unameza na kwinini. Tia kidogo sana, chini ya gramu moja kwa kila mililita 100, dakika tano, chuja kwa moto. Makala, yaani makaa ya jikoni, yaliyosagwa hayafai, yanaongeza majivu. Njia ninayoiamini zaidi ni kuyeyusha fuwele upya kwenye maji yanayochemka na kuziacha zirudi polepole. Ukifanya mara mbili, sehemu kubwa ya cinchonidine nayo inabaki kwenye maji.

Dalili: mavuno yamezidi yaliyowezekana

Kundi moja liliwahi kuniletea gramu 19 kutoka kwenye gramu 100 za magome. Salfeti ya kwinini hutoka kama pamba: sindano ndefu, nyepesi, zilizoshikamana na maji mengi kati yake na mengine ndani ya fuwele zenyewe. Sahani inajaa, moyo unafurahi, na ikikauka inabaki theluthi. Pima, kausha, pima tena, hadi namba mbili zilingane.

Umeme ukikatika katikati

Zima swichi ya kila kifaa papo hapo. Sahani ya moto ikijiwasha yenyewe usiku chini ya toluini ni moto wa jengo zima. Umeme ukirudi, usitie vijiwe vya kuchemshia kwenye kimiminika cha moto, kitaruka hadi dari. Ngoja kipoe, tia vijiwe vipya, ndipo uanze. Na maji ya bomba yakikatika huku kipozeo kinafanya kazi, ni vivyo hivyo: zima kwanza. Tunaweka ndoo ya maji na pampu ndogo pembeni kwa ajili hiyo. Jiko la makala haliingii chumba chenye toluini kwa sababu yoyote ile. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto.

"Nimefuata yote haya kwa artemisia na sipati kitu"

Hutapata. Dawa iliyomo kwenye artemisia, mmea mwingine wa malaria, ni artemisinini, na haina nitrojeni, si alkaloidi, kwa hiyo asidi na chokaa havina cha kuihamisha, na Dragendorff itanyamaza. Tena joto huiharibu: mtafiti Tu Youyou na wenzake huko China walifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipoacha kuchemsha na kutumia etha inayochemka kwenye nyuzi 35. Taa ya urujuanimno pia haitakuonyesha doa lake kwenye bamba la silika, lile la kutenganishia kemikali. Nyunyizia vanilini yenye asidi ya salfuriki, pasha moto, ndipo doa litokee. Ni mmea mwingine na mwongozo mwingine.

Mtu akikuomba kidogo

Hili hutokea kila mwaka, na nalihesabu miongoni mwa matatizo ya kazi. Mlinzi wetu alinijia jioni moja, kofia mkononi: "Papa, mtoto ana homa tangu jana. Nipimie kidogo tu ya ile nyeupe." Kitu chetu kina toluini iliyobaki, kina cinchonidine, na hakuna aliyepima nguvu yake. Kwinini ikizidi inapigisha masikio kelele, inatia macho giza, inashusha sukari ya damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na mtoto mdogo anaweza kufa nayo. Malaria ya kawaida leo inatibiwa kwa dawa mseto zenye artemisinini, na ile kali kwa sindano ya artesuneti. Niliweka kazi kando nikaenda naye hadi kituo cha afya, mtoto akapimwa damu ya kidole, akapewa dozi yake. Vivyo hivyo kwa magome yaliyolowekwa kwenye kanyanga, pombe kali ya kienyeji: uchungu ni uleule, kipimo hakijulikani.

Dalili ya mwisho: unga ulikuwa mweupe, sasa ni wa njano

Mwanga. Chumvi za kwinini hubadilika rangi zikikaa dirishani. Chupa ya kahawia, kizibo kinachobana, kabati lenye giza. Andika juu yake tarehe, uzito, magome yalitoka kilima gani, na chokaa ilitoka mfuko gani.